Maji Yaliyopita Chini ya Ndiva

Barabara inayotoka mji wa Same kuelekea kusini-mashariki hupita Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio kabla ya kufika Bendera, kisha huendelea na bonde hadi Mkomazi. Mkono wa kulia wa msafiri imesimama milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake kirefu, Shengena, kina mita 2,462. Mkono wa kushoto ni nyika ya miiba inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Katikati umepita ukanda wa kijani wa mpunga na mahindi, mahali ambapo mvua yenyewe isingetosha kulisha watu wengi hivyo. Ukanda huo unaishi kwa maji ya mlimani.

Sehemu ya maji hayo hushuka mbele ya macho ya watu, katika mito na mifereji. Sehemu nyingine hushuka ndani ya ardhi, ikijipenyeza katika nafasi zilizo kati ya punje na punje za udongo, na huchukua siku, miezi au miaka kabla ya kutokea tena kwenye chemchemi au kisima. Vitabu vya historia ya Upare vimeandika mengi kuhusu watemi, misafara ya biashara na kodi za wakoloni. Maji haya ya polepole hayakupata sura yao, ingawa kazi ya kuyazuia na kuyaelekeza ilichukua nguvu za vizazi vingi vya Wapare.

Chombo kikuu cha kazi hiyo ni ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuhifadhia maji ya mto au chemchemi, na kwa asili kuta zake zilijengwa kwa udongo na mawe. Maji huchepushwa kwenye banio, hufuata mfongo, yaani mfereji wa udongo unaokatiza ubavu wa mlima, na kuingia bwawani usiku kucha wakati mashamba yamepumzika. Asubuhi tundu la kutolea maji huzibuliwa. Maji yaliyokusanyika hutoka kwa kasi inayotosha kufika mashamba ya mbali, ambako kijito chenyewe kingekauka njiani kabla ya kumfikia mkulima wa mwisho. Ndiva nyingi ni ndogo, za mita za ujazo mia chache tu. Kubwa kama ile ya Manoo katika kijiji cha Bangalala, baada ya kukarabatiwa, inachukua takriban mita za ujazo 1,600.

Sababu ya kukusanya maji ya usiku inaeleweka kwa kumtazama mkulima akifungulia kijito chembamba kwenye mfongo mkavu. Hatua za mwanzo ardhi hunywa karibu kila tone. Udongo mkavu una vitundu vilivyojaa hewa, na maji huvutwa ndani yake kabla hayajasogea mbele. Mkondo mdogo unaishia hapo. Mkondo mkubwa hushibisha kingo na sakafu ya mfereji kwa haraka, na kinachobaki husafiri. Waliobuni ndiva walikuwa wamelijibu tatizo la ardhi yenye kiu kwa kubadilisha wakati: maji machache ya saa kumi na mbili waliyageuza kuwa maji mengi ya saa chache.

Kisha ndiva yenyewe nayo ni ya udongo, na udongo una matundu. Mafundi wa mabwawa ya namna hii duniani kote wamekutana na ukweli uleule: mchanga, ambao punje zake zina upana wa kuanzia sehemu ya ishirini ya milimita hadi milimita mbili, hupitisha maji mita nzima au zaidi kwa siku. Mfinyanzi, wenye punje zisizofika sehemu ya mia tano ya milimita, unaweza kuyazuia kiasi kwamba kwa siku hiyohiyo hayasogei hata milimita moja. Tofauti kati ya bwawa linaloshika maji na lile linalokauka usiku huohuo imo ndani ya punje ambazo jicho haliwezi kuzihesabu.

Mto wa mlimani hubeba punje hizo. Maji yakitulia bwawani, mchanga huanguka kwanza karibu na mlango, na tope laini husambaa na kutua polepole sakafuni, likiziba vitundu kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo ndiva iliyozeeka kidogo huvuja kwa kiasi kidogo kuliko mpya. Lakini tope likizidi, nafasi ya maji hupungua, na lazima lichotwe. Anayechota kwa pupa hadi kwenye udongo asilia huondoa pia ile ngozi nyembamba iliyokuwa inazuia maji. Kazi ya kusafisha ndiva inadai kiasi, na kiasi hujifunzwa kwa miaka ya kushika jembe na karai pamoja na wanaojua.

Kazi hiyo ilifanywa kwa msaragambo, utaratibu wa Wapare wa kufanya kazi ya wote kwa nguvu za wote. Asiyefika kusafisha mfongo au kuchota tope alihatarisha zamu yake ya maji. Mabwawa na mifereji mingi ilikuwa chini ya koo zilizoianzisha, na wazee wa ukoo ndio waliogawa siku na saa. Umiliki huo ulifungamana na imani. Mwanaanthropolojia Michael Sheridan, aliyefanya utafiti Upare Kaskazini, aliandika mwaka 2002 kwamba watu wa huko walilifananisha banio la mfereji na tumbo la uzazi: mahali ambapo uhai wa jamii huingia na ambapo uchafu wa kiroho ungeweza kuuharibu. Misitu ya mpungi, ilimofanyika ibada za mizimu, na ya mshitu, ilimofanyika jando, haikukatwa ovyo, na chini ya miti hiyo udongo ulibaki laini, wenye mizizi na majani yaliyooza, ukipokea mvua na kuishusha chini badala ya kuiacha itiririke.

Ardhi ya Upare haikubaki salama mahali pote. Upare Kaskazini, hasa Ugweno, palikuwa na wafua chuma mashuhuri, na majembe yao yaliuzwa mbali. Tanuri za kuyeyushia chuma zilihitaji mkaa, na mkaa ulitaka miti. Utafiti wa Matthias Heckmann, uliochapishwa mwaka 2014, ulisoma tabaka za udongo mabondeni huko na kuonyesha kwamba mmomonyoko una historia ya takriban miaka 2,000, ambamo wakulima, wayeyushaji chuma na misafara ya biashara wote waliacha alama. Udongo wa juu ukichukuliwa, unaobaki ni mgumu na wenye vitundu vichache, na mvua ileile inayonyesha hugeuka mafuriko. Historia ya maji chini ya ardhi ya Upare haiwezi kutenganishwa na historia ya jembe na mkaa.

Kwa nini watu walijitaabisha kiasi hicho? Jibu la haraka ni kwamba milima ilijaa watu. Mtafiti N. Thomas Håkansson, katika makala ya mwaka 2008 kuhusu Upare Kusini, alielekeza macho kwingine, kwenye biashara. Nafaka ya umwagiliaji iliweza kubadilishwa kwa mifugo ya wafugaji wa nyikani, na mifugo ndiyo iliyojenga ndoa, ushirika na heshima. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Pangani ilipita miguuni mwa milima hii ikielekea Kilimanjaro, na mamia ya wapagazi walihitaji chakula. Shamba lililopata maji wakati wa kiangazi lilikuwa mali. Kila debe lililovuja kwenye mfongo lilikuwa na bei.

Wakati mafundi wa Upare wakipambana na uvujaji kwa tope na mawe, Ulaya ilianza kuupima. Mhandisi Henry Darcy, aliyeuletea maji ya bomba mji wa Dijon nchini Ufaransa, alisimamisha bomba la chuma, akalijaza mchanga, akapitisha maji ndani yake na kupima yaliyotoka chini. Mwaka 1856 alichapisha alichokiona: kiasi cha maji kinachopita huongezeka kadiri kina cha maji ya juu kinavyozidi cha chini, na hupungua kadiri tabaka la mchanga linavyokuwa nene. Kanuni hiyo inatumika hadi leo popote panapochimbwa kisima au kujengwa bwawa. Kwa ndiva inasema jambo ambalo wazee walilijua kwa mikono: bwawa likijaa sana, huvuja zaidi, na ukuta mnene hushika kuliko mwembamba.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1855, daktari kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Zürich, Adolf Fick, alikuwa ameshughulikia jambo la karibu na hilo. Yeye hakupima maji bali chumvi ndani ya maji. Alionyesha kwamba hata pale maji yanapotulia kabisa, chumvi husogea yenyewe kutoka penye nyingi kwenda penye chache, na kasi yake hutegemea ukubwa wa tofauti hiyo. Sababu ilikuja kuelezwa vizuri mwaka 1905 na Albert Einstein: chembe za maji hazitulii, huzigongagonga chembe za chumvi kutoka kila upande, nazo hutangatanga bila mwelekeo. Kutangatanga huko ni kwa polepole mno. Ili kufika umbali mara kumi, chembe huhitaji muda mara mia. Katika maji matulivu, chembe ya chumvi ya kawaida husogea kwa wastani kama sentimita 30 kwa mwaka mzima. Ndani ya mfinyanzi ulioshiba maji husogea umbali mfupi kuliko huo, kwa kuwa njia zake zimepinda na kuzunguka kila punje.

Sentimita 30 kwa mwaka ni kidogo kwa mto, lakini ni kina cha mizizi ya mpunga. Hapo ndipo Fick anapokutana na Bendera.

Maji yanayopita ndani ya ardhi hayabaki kama yalivyonyesha. Njiani huyeyusha madini ya mwamba uliooza: sodiamu, kalisi, magnesi, silika. Kadiri yanavyokaa ndani, ndivyo yanavyozidi kubeba. Yakifika tambarare, ambako jua hufyonza maji mara kadhaa ya kiasi cha mvua ya mwaka, hupanda tena kuelekea juu, maana vitundu vyembamba vya udongo huyavuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Juu maji huwa mvuke na kuondoka. Chumvi hubaki. Mkulima huona ukoko mweupe, na husema udongo umeshika magadi. Miche hudumaa hata kama shamba ni chepechepe, kwa kuwa mizizi haiwezi kunyonya maji yenye chumvi nyingi kuliko yake. Sodiamu ina madhara mengine: hutawanya punje za mfinyanzi zilizokuwa zimeshikana, punje hizo huziba vitundu, na ardhi huacha kupitisha maji. Jambo ambalo fundi wa ndiva angelifurahia mlimani, mkulima wa bondeni hulipokea kama msiba.

Dawa yake ni kuyapitisha maji matamu kutoka juu kwenda chini, na kuyapa mahali pa kutokea. Majaruba ya mpunga husaidia, kwani maji yanayosimama juu husukuma chumvi chini ya mizizi, mradi tu kuna mitaro ya kuyatoa. Skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, jirani ya Bendera, ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990, ikiwa na hekta zipatazo 680 za mpunga. Katika skimu ya namna hiyo mfereji wa kuingiza maji ndio unaoonyeshwa wageni, lakini mtaro wa kuyatoa ndio unaoamua kama ardhi itazaa baada ya miaka ishirini. Chembe za chumvi zilizojificha katika vitundu vidogo kabisa hazichukuliwi na mkondo. Husubiri kutoka kwa mwendo ule wa Fick, sentimita kwa sentimita, na kwa hiyo kusafisha ardhi iliyoharibika huchukua misimu mingi.

Huko juu, utawala wa maji ulikuwa umebadilika mikono. Tanganyika, ambayo sasa ni Tanzania Bara, ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali za vijiji zilishika mambo mengi yaliyokuwa ya koo. Sheria ya maji namba 42 ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa taifa. Mamlaka ya wazee juu ya mifongo ilidhoofika mahali pengi, na msaragambo ulipolegea, tope lilijaa na kuta zikapasuka.

Miaka ya mwisho ya 1980 ulikuja mpango wa kuboresha umwagiliaji wa asili, uliofahamika kwa herufi TIP na kusaidiwa na shirika la Uholanzi la SNV. Baadaye asasi ya SAIPRO ya Same nayo ilishiriki. Kazi yao iliyoonekana zaidi ilikuwa saruji: ndiva zilisakafiwa, mabanio yakaimarishwa, sehemu za mifongo zikajengewa. Kwa mwenye zamu ya maji faida ilikuwa dhahiri. Maji yaliyoingia usiku yalikutwa asubuhi, na kazi ngumu ya kuziba nyufa kila msimu ikapungua. Hakuna anayepaswa kuidharau nafuu hiyo, hasa mtu asiyewahi kubeba tope begani.

Lakini maji yaliyokuwa yakipenya chini ya ndiva yalikuwa yakienda wapi?

Swali hilo lilipata majibu ng'ambo ya pili ya mlima, upande wa magharibi, katika bonde la Makanya. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini, Uswidi na Uholanzi, walipima mvua, mito, ndiva na visima vya bonde hilo. Marloes Mul, aliyekamilisha tasnifu yake mwaka 2009, alizitumia zile chumvi zilizoyeyuka kama mashahidi. Maji yaliyotiririka juu ya ardhi yana chumvi chache. Yaliyopita ndani yana nyingi. Kwa kupima mchanganyiko ndani ya mto wakati wa mvua, aliweza kutenganisha yanayotoka juu na yanayotoka chini. Katika mvua za kawaida, sehemu kubwa ya maji ya mto yalikuwa yamepita ardhini kwanza. Mvua kali ya tarehe 1 Machi 2006 ilikuwa tofauti: udongo ulizidiwa, na mafuriko yalibeba maji mengi ya juu. Hata hivyo baada ya mafuriko hayo kupita, mtiririko wa kawaida wa mto ulibaki mkubwa kuliko kabla, kwa sababu ardhi ilikuwa imejazwa.

Matokeo hayo yanabadilisha maana ya neno hasara. Maji yanayovuja kwenye mfongo wa udongo yamepotea kwa mwenye shamba lililo mwisho wa mfongo. Mengine hunyonywa na miti na migomba kandokando na kuwa mvuke. Yanayobaki hushuka, hujiunga na maji ya ardhini, na hutokea chini kama chemchemi, kisima au unyevu wa bonde. Mlimani yanaitwa uvujaji. Kwa mama anayechota kisimani chini ya mlima, hayo ndiyo maji. Mtu anapousakafia mfereji, huwa anayahamisha maji kutoka kwa mtumiaji mmoja kwenda kwa mwingine, mara nyingi bila yeyote kati yao kujua.

Bonde la Makanya linaonyesha mwisho wa mambo hayo. Mto ambao watumiaji wake wa juu wameongezeka haufiki tena tambarare kwa mtiririko wa kawaida. Wakulima wa huko chini husubiri mafuriko na kuyatawanya mashambani kwa matuta na mifereji ya muda, wakiyaacha yazame ili mahindi yaishi kwa unyevu uliohifadhiwa udongoni. Kwao ardhi yenyewe ndiyo bwawa. Vitundu vilevile vinavyomkera mwenye ndiva ndivyo ghala lao.

Upande wa mashariki, wa Bendera, mito ina mvua nyingi zaidi nyuma yake, lakini mpangilio ni mmoja: msitu juu, mifongo na ndiva ubavuni, skimu na visima miguuni, na Mto Mkomazi ukiyachukua yanayobaki kuyapeleka Pangani. Msitu ukifyekwa juu, maji huja kwa kishindo yakiwa yamebeba tope. Bwawa la Kalimawe, lililoko kwenye mto huo jirani na Ndungu, limepoteza sehemu ya nafasi yake kwa mashapo. Punje laini ambazo zingeziba ndiva kwa kiasi kinachofaa zimelijaza bwawa kubwa.

Sheria sasa ina nafasi kwa mazungumzo haya. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji namba 11 ya mwaka 2009 inayahesabu maji ya juu na ya chini ya ardhi kuwa rasilimali moja, na kuruhusu watumia maji kuunda vyama vyao. Kilichobaki ni desturi ya kuhesabu. Kibali cha maji huandikwa kwa lita zinazoingia kwenye banio, mahali panapoonekana. Maji yanayopita chini ya mfongo hayana mstari wake katika kibali, na wanaoyategemea kwa kawaida hawaitwi kwenye kikao cha mradi wa mlimani. Chama cha watumia maji kinachowaweka pamoja wenye ndiva, wenye majaruba na wenye visima kinaweza kudai hesabu mbili kabla saruji haijamwagwa: lita ngapi zitaokolewa kwenye mfereji, na chemchemi zipi za chini zitapungua kwa ajili hiyo. Vipimo vinavyohitajika ni vya bei nafuu: kamba ya kupimia kina cha maji kisimani, kifaa kidogo cha kupima chumvi, na daftari linalojazwa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, na watu walewale wanaotoka kwenye msaragambo.